Mtoto mmoja ndani, mwingine nje: kanisa lijue nini juu ya mimba ya mahali pawili

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo halisemwi katika mimbari zetu. Sisi wenyewe hatukulijua mpaka siku lilipoingia katika kanisa letu hapa Lubumbashi na karibu limzike mama pamoja na mtoto wake. Tunaandika kwa ruhusa ya mama huyo na ya bwana yake. Majina tunayaacha.

Walikuwa wameoana miaka tisa bila mtoto. Kila siku ya wamama, watoto walipopita na maua, yeye alitafuta kazi ya kufanya jikoni. Upande wa bwana, ndugu walikwisha kuanza kusema juu ya kuleta mke mwingine. Bila kumwambia mtu yeyote, wawili hao wakauza kiwanja chao na kwenda nje ya nchi kutafuta matibabu ya uzazi. Waliporudi, mama alikuwa na mimba. Ekografi ikaonyesha mtoto ndani ya tumbo la uzazi. Jumapili iliyofuata wakasimama kutoa sadaka ya shukrani, na sisi tukashika kipaza sauti na kusema mbele ya wote kwamba Mungu ametenda bila mkono wa mwanadamu. Hawakutusahihisha. Nani angeweza kumsahihisha mchungaji mbele ya kanisa zima, katika siku ya furaha yake?

Siku nne baadaye maumivu yakaanza chini ya tumbo, upande wa kulia. Akaenda kwenye kituo kimoja cha afya. Wakapiga ekografi tena, wakaona mtoto yuko mahali pake na moyo unapiga, wakampa vidonge vya maumivu na kumwambia apumzike. Walimuuliza kama alikunywa dawa yoyote ili apate mimba. Wifi yake alikuwa amesimama pale. Akajibu kwamba hapana.

Usiku wa pili akaanguka. Jamaa wakatuita kwa sababu waliamini kwamba kuna mtu mwenye wivu anayemtafuta. Tukaenda na wamama watatu wa kikundi cha maombi, tukamwekea mikono, tukakemea. Karibu saa nzima ikapita. Ndipo akaingia mama mmoja wa kanisa letu ambaye ni muuguzi. Hakusema neno. Alishusha kope la chini la jicho la mgonjwa, akaona ni jeupe kama karatasi, akamshika mkono kutafuta mapigo, akatugeukia.

“Pasta, mnisamehe. Mama huyu damu imemwisha. Tunaenda hospitali sasa hivi, tutaomba njiani.”

Ndani ya gari, kwa sauti ndogo, mgonjwa akamwambia muuguzi ukweli wote. Ukweli huo ndio uliofanya daktari wa usiku aamue haraka. Walipompasua wakakuta mrija wa kulia umepasuka na tumbo limejaa damu. Kulikuwa na mimba ya pili, nje. Mtoto aliyekuwa ndani hawakumgusa. Leo anakimbia kati ya viti vyetu wakati wa mahubiri, na mama yake hamkatazi sana.

Tangu siku ile tumeuliza madaktari na wauguzi, tumesoma, tumetubu. Tunayoyaandika hapa ni yale ambayo tungependa mtu atuambie kabla ya usiku ule.

Mimba ya mahali pawili ni nini?

Kwa kawaida yai la mwanamke hukutana na mbegu ya mwanaume ndani ya mrija mwembamba unaotoka karibu na kifuko cha mayai na kufika kwenye tumbo la uzazi. Miji hii ni miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, kwa hiyo tuiite mirija. Yai lililorutubishwa husafiri siku chache, halafu hujishika kwenye ukuta wa tumbo la uzazi na kukua pale.

Wakati mwingine safari hiyo hukwama. Yai linajishika njiani, mara nyingi ndani ya mrija wenyewe. Hii ndiyo mimba ya nje, na wengi wetu tumekwisha kuisikia. Kati ya mimba 100, moja au mbili huwa hivyo. Mrija hauwezi kutanuka kama tumbo la uzazi. Mimba ikikua, mrija unapasuka, na mama anavuja damu ndani kwa ndani, mahali ambapo hakuna mtu anayeiona.

Mimba ya mahali pawili ni hali ambapo hayo mawili yanatokea pamoja: mtoto mmoja amejishika vizuri ndani ya tumbo la uzazi, na mwingine amejishika nje. Madaktari huiita mimba heterotopiki. Sisi tuliosoma Kigiriki kidogo katika shule ya teolojia tunayatambua maneno mawili yaliyomo: moja ni “nyingine”, la pili ni “mahali”. Ni mapacha, lakini mmoja amepotea njia.

Jambo hili si la kizazi chetu tu. Mwaka 1708 Mfaransa mmoja, Duverney, mtaalamu wa maumbile ya mwili, aliliona alipochunguza maiti ya mwanamke. Kwa muda mrefu sana ilikuwa hivyo: hali hii ilijulikana baada ya kifo. Ni mwaka 1883 tu, kule Birmingham Uingereza, daktari Lawson Tait alipoanza kufungua tumbo na kuondoa mrija uliopasuka, wanawake wenye mimba ya nje wakaanza kupona. Kabla yake madaktari walikaa kando ya kitanda na kungoja.

Kwa nini hutokea zaidi baada ya matibabu ya uzazi?

Kwa mwanamke aliyepata mimba bila msaada wa dawa, hali hii ni nadra mno. Hesabu ya zamani, iliyofanywa mwaka 1948, ilisema ni mara moja katika mimba 30,000. Lakini kwa wale waliopata mimba kwa matibabu, madaktari wamehesabu kati ya mara moja katika mimba 1,000 na mara moja katika mimba 100. Tofauti hiyo ni kubwa, na ina sababu zake.

Sababu ya kwanza ni wingi wa mayai. Kuna vidonge kama klomifeni, na kuna sindano, ambazo huamsha vifuko vya mayai. Mwezi wa kawaida hutoa yai moja, lakini kwa dawa hizi yanaweza kutoka mawili, matatu au zaidi. Yakirutubishwa mawili, moja linaweza kufika nyumbani na lingine kukwama njiani. Na tuseme wazi: klomifeni hapa kwetu watu huinunua dukani kwa ushauri wa jirani, bila daktari anayefuata mambo.

Sababu ya pili ni kurudisha mayai zaidi ya moja. Katika njia ile ambayo yai na mbegu hukutanishwa nje ya mwili, katika maabara, daktari huyarudisha mayai yaliyorutubishwa ndani ya tumbo la uzazi kwa mpira mwembamba. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, na leo njia hiyo inafanyika pia Kampala na Nairobi. Yai halina miguu, lakini linaweza kusogea na kupanda mpaka kwenye mrija kabla ya kujishika. Yakirudishwa mawili au matatu, nafasi ya kuachana inaongezeka. Ndiyo sababu wataalamu wengi sasa hupendelea kurudisha moja tu. Lakini watu waliouza kiwanja ili kulipa mara moja huomba yarudishwe mengi, na tunaelewa kwa nini.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi katika nchi yetu. Wanawake wengi wanaotafuta matibabu wana mirija iliyoharibika. Magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia, homa ya baada ya kuzaa, mimba iliyoharibika na kuchafuka, vyote huacha makovu ndani ya mirija. Tangu miaka ya 1950 watafiti waliona kwamba Afrika ya kati, pamoja na sehemu kubwa za Kongo, ilikuwa na wanawake wengi wasio na watoto kupita sehemu nyingine za bara, na maambukizo ya namna hii yalikuwa sababu kubwa. Kovu linaloziba njia kabisa linaleta utasa. Kovu linaloziba nusu linaleta mimba ya nje. Kwa hiyo mwanamke yule yule anayehitaji msaada ili apate mimba ndiye aliye katika hatari ya mimba kukwama.

Tuongeze jambo moja kwa wanaume wa makanisa yetu. Magonjwa hayo mama hakujiambukiza peke yake. Tena mara nyingi, katika nyumba isiyo na mtoto, shida iko upande wa mwanaume, au pande zote mbili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mtu mmoja kati ya sita hukutana na shida ya kupata mtoto katika maisha yake. Katika kanisa la watu 300 wazima, hao ni karibu 50. Wako kwenye viti vyetu, nasi tunawapita tukiwauliza watazaa lini.

Kwa nini hali hii hudanganya hata waganga?

Huku kwetu tunamwita daktari munganga, na tunamtazamia aone kila kitu. Lakini mimba hii ina namna ya kujificha.

Mwanamke akifika na maumivu, mtu wa kwanza kushika chombo cha ekografi hutafuta mtoto. Akimwona ndani ya tumbo la uzazi, moyo unapiga, anashukuru na kufunga chombo. Ni kawaida ya binadamu: ukipata ulichotafuta, unaacha kutafuta. Kwa mwanamke ambaye hakupata matibabu, mara nyingi sana jibu hilo ni sahihi. Kwa yule aliyepata matibabu, halitoshi. Inabidi kutazama pia upande wa kulia na wa kushoto, pale mirija na vifuko vya mayai vilipo, na kutazama kama kuna maji au damu nyuma ya tumbo la uzazi. Ekografi inayofanyika kwa kupitia njia ya uzazi huona mambo hayo vizuri zaidi kuliko ile ya juu ya tumbo.

Kipimo cha damu kinachopima homoni ya mimba nacho hakisaidii sana hapa. Katika mimba ya nje ya kawaida, homoni hiyo hupanda kwa njia isiyo ya kawaida na kumshtua daktari. Lakini akiwepo mtoto mwingine anayekua vizuri ndani, yeye anaipandisha vizuri, na hatari ya ndugu yake inafunikwa.

Zaidi ya hayo, dawa za kuamsha mayai zenyewe zinaweza kuvimbisha vifuko na kuleta maumivu. Basi ni rahisi kusema, “Ni dawa tu, itapita.”

Dalili za kutopuuza

Mara nyingi hali hii hujitokeza kati ya wiki ya 5 na ya 8 ya mimba. Tunaomba kila kikundi cha wamama kizijue dalili hizi kama kinavyojua nyimbo za kitabu:

Maumivu chini ya tumbo, hasa upande mmoja, yasiyoisha au yanayozidi.

Maumivu kwenye ncha ya bega. Watu hushangaa, lakini damu iliyomwagika tumboni hufika juu na kusumbua mshipa wa hisia ambao mwili unauhesabu kuwa wa bega.

Kizunguzungu, kuanguka, jasho la baridi, midomo na macho kuwa meupe, moyo kwenda mbio.

Damu kutoka njia ya uzazi. Lakini angalieni: inaweza isitoke hata tone, kwa sababu mimba ya ndani iko salama na damu yote inabaki tumboni.

Mwenye mimba akiwa na moja ya dalili hizi, hasa kama alitibiwa ili apate mimba, aende hospitali yenye chumba cha upasuaji saa ile ile, hata kama jana ekografi ilisema mtoto ni mzima. Mwanamke ana damu kama lita 5 tu. Mrija uliopasuka unaweza kumwaga nusu yake kabla mkesha wa maombi haujafika katikati.

Madaktari hufanya nini?

Lengo lao ni mawili kwa pamoja: kumwondolea mama hatari, na kumlinda mtoto aliye ndani.

Njia inayotumika zaidi ni upasuaji. Daktari anaondoa mrija wenye mimba ya nje na kufunga mishipa inayovuja, bila kugusa tumbo la uzazi. Kwenye hospitali zenye vifaa hufanywa kwa matundu madogo na kamera, njia inayoitwa laparoskopi. Pasipo na vifaa hivyo, wanafungua tumbo. Njia ya pili inaacha kovu kubwa zaidi, lakini inaokoa, na pale damu inapomwagika kwa wingi ndiyo mara nyingi ya haraka. Asiwepo wa kungoja kwenda mbali kutafuta kamera wakati mama anazimia.

Kama mrija haujapasuka na mama ana nguvu, mahali penye wataalamu wanaweza kuchoma sindano yenye dawa ndani ya ile mimba ya nje tu. Hilo ni la wataalamu, na linahitaji kumfuata mama kwa karibu.

Kuna dawa moja ambayo kila mama aijue: metotreksati. Hutumika kwa mimba ya nje iliyo peke yake, nayo huikausha bila kisu. Lakini dawa hiyo huenda mwilini mwote. Mtoto akiwepo ndani, itamuua au kumharibu. Kwa hiyo katika mimba ya mahali pawili haifai. Hii ni sababu nyingine ya kusema ukweli wote kwa daktari.

Baada ya upasuaji wanapiga ekografi kuona moyo wa mtoto. Baadhi ya wamama hupewa projesteroni, homoni inayotunza mimba, hasa kama sehemu ya kifuko cha mayai iliyokuwa ikiitoa imeguswa. Mama ambaye damu yake ni resusi hasi huhitaji sindano maalumu, basi kundi lake la damu lijulikane mapema. Na je, mtoto wa ndani anapona? Katika hesabu zilizokusanywa na madaktari, karibu wawili kati ya watatu wanafika kuzaliwa. Mmoja kati ya watatu hafiki. Tunasema yote mawili ili pasiwe na mtu wa kuahidi asichoweza kutoa. Kupoteza mrija mmoja hakumzuii mama kuzaa kwa njia ya kawaida, wala kupata mimba tena.

Je, ni kutoa mimba?

Swali hili liliulizwa katika kikao chetu cha wazee, mama akiwa bado kitandani. Mzee mmoja, mtu mwema, alisema: “Kwa hiyo kulikuwa watoto wawili, na mmoja ameondolewa. Je, dada huyu asiwekwe pembeni kidogo kwanza, mpaka tuelewe?” Tunakumbuka ukimya uliofuata, na tunakumbuka kwamba hatukujibu upesi.

Leo tunajibu. Mimba iliyo ndani ya mrija haiwezi kufika kuzaliwa. Hakuna daktari duniani anayeweza kuihamisha na kuipanda ndani ya tumbo la uzazi. Ikiachwa, mrija unapasuka. Mrija ukipasuka, mama anakufa, na mama akifa mtoto aliye ndani anakufa naye. Mbele ya daktari hakuna uchaguzi kati ya kuokoa mtoto huyu au yule. Mmoja hana njia ya kuishi, kwa huzuni yetu sote, na wengine wawili bado wanayo. Anayeondoa mrija anawatoa wawili kaburini. Ni kazi ileile ambayo Bwana wetu aliwauliza wakuu wa dini juu yake, alipotaja ng’ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato.

Basi mama aliyefanyiwa hivyo hana dhambi ya kuungama katika jambo hilo, na hakuna kikao chenye haki ya kumweka chini ya nidhamu. Mzee wetu alilielewa, na ndiye aliyempelekea kuku wa kwanza alipotoka hospitali.

Kosa letu, na kosa la Eli

Tumerudi mara nyingi kwenye habari za Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Tunapenda kuhubiri juu ya Hana. Tunapita upesi juu ya Eli. Eli alikuwa kuhani, alikaa mlangoni, alimwona mwanamke mwenye maumivu, na akasoma vibaya alichokiona. Alidhani ni pombe. Sisi tuliona damu inayokwisha, tukadhani ni uchawi.

Lakini kosa letu lilianza kabla ya usiku ule. Lilianza siku ya kipaza sauti. Tuliposema kwamba Mungu ametenda bila mkono wa mwanadamu, tulimfungia mama huyu mlango wa kusema ukweli. Kama muujiza ni mzuri zaidi pasipo daktari, nani atakiri kwamba alienda kwa daktari? Alificha mbele ya kanisa, halafu akaficha mbele ya wifi, halafu akaficha mbele ya yule aliyeshika ekografi. Na daktari asiyejua kwamba mimba imetokana na matibabu hana sababu ya kutafuta ya pili. Siri iliyozaliwa kanisani ilimfuata mpaka kwenye kitanda cha hospitali.

Luka alikuwa tabibu, na hatujasikia kwamba Paulo aliona haya kusafiri naye. Hapa Kongo makanisa yetu ya Kiprotestanti yamejenga hospitali tangu siku za wamisionari. Ndugu zetu wa Bukavu wanaijua Panzi, hospitali ya CEPAC iliyoanza mwaka 1999. Daktari Mukwege aliianzisha baada ya hospitali ya Lemera kuharibiwa katika vita vya 1996, na nia yake ya kwanza ilikuwa wamama wasife wakizaa. Ndugu wa Goma wana HEAL Africa, wale wa Ituri wana Nyankunde. Ikiwa tunaomba sadaka kwa ajili ya hospitali hizo, tusiwafundishe watu wetu kuona haya kuziingia.

Kanisa lifanye nini?

Kwanza, tubadilishe namna ya kupokea ushuhuda. Watu waliotibiwa waweze kusema kwamba walitibiwa na Mungu akabariki, na tuitikie amina ileile. Wasiotaka kusema wasilazimishwe. Lakini tusiweke maneno kinywani mwao.

Pili, tuwashauri wanaosafiri. Kutoka hapa wengine huvuka Kasumbalesa, wengine hupanda ndege kwenda mbali zaidi. Aliyewatibu anabaki kule, na usiku wa shida watapokelewa na mtu asiyewajua. Warudi na karatasi inayoonyesha dawa walizopewa, mayai mangapi yalirudishwa na tarehe gani. Karatasi hiyo ikae kwenye mkoba wa mama, na bwana awe na nakala. Na wamwambie walau mtu mmoja anayejua kunyamaza: muuguzi wa kanisa, au mama mchungaji.

Tatu, tujiandae kwa pesa na kwa damu. Mara nyingi upasuaji hungoja pesa, na pesa hungoja asubuhi. Kikundi cha wamama kinachoweka akiba ya harusi kinaweza kuweka pia akiba ya usiku. Vijana wajue makundi yao ya damu, na orodha iwe kwa shemasi mmoja ambaye simu yake haizimwi.

Nne, kikundi cha maombi kiwe na sheria moja: mgonjwa aliyeanguka, anayevuja damu au mwenye maumivu makali ya tumbo haombewi sebuleni. Anaombewa garini.

Tano, tuwape nafasi ya kulia. Mama yule alituambia neno ambalo halijatutoka. Kila mtu alikuja kumshukuru Mungu kwa yule aliyebaki, na hakuna aliyempa pole kwa yule aliyeondoka. Alijisikia kama kulia kungekuwa kukosa shukrani. Mwili mmoja ulikuwa na kilio na sherehe kwa wakati mmoja, na sisi tulileta sherehe peke yake. Rakeli alitamani watoto kwa uchungu, akawapata, akafa njiani kuelekea Efrata akimzaa wa pili. Biblia haikuficha kaburi lake ili kutufurahisha na Benyamini. Miezi mitatu baada ya upasuaji tulienda nyumbani kwao, tukakaa chini, tukaomba tukimtaja yule ambaye hakupata jina. Baba yake, ambaye hatukuwahi kuona machozi yake, alilia mpaka kanga ya mkewe ikalowa.

Siku tulipomweka mtoto wao mbele za Bwana, tuliwauliza kama wangependa kusema neno. Bwana akachukua kipaza sauti. Alisema walienda kwa madaktari, akataja nchi, akataja miaka, akasema waliuza kiwanja, akasema muuguzi wa kanisa na daktari wa usiku walitumiwa na Mungu. Halafu akasema walikuwa wawili. Kanisa likanyamaza, ndipo likaitikia amina. Wiki ile, nyumba tatu za kanisa letu zilitujia ofisini, moja baada ya nyingine, kutuambia jambo walilokuwa wakilificha.

Bwana awape wamama wetu uhai, awape wachungaji macho ya kuona na miguu ya kukimbia. Amina.